Mhalifu wa kivita aliyehukumiwa kifo akionekana Mombasa, nini hufuata?

Mwana wa Kibokoni

Assalaam aleikum wanajamvi.

Tangu mahakama kuu ya kijeshi ya Kinshasa imhukumu Joseph Kabila, rais wa zamani wa Kongo, adhabu ya kifo tarehe 30 Septemba 2025, mwenyewe akiwa hayupo, mjadala barazani hauishi. Miongoni mwa makosa aliyopatikana nayo ni uhaini na uhalifu wa kivita. Wiki mbili baadaye alikuwa Nairobi akikutana na wapinzani wenzake. Kisha tarehe 17 Novemba mahakama ya Dhaka ikamhukumu kifo Sheikh Hasina, waziri mkuu wa zamani wa Bangladesh, kwa uhalifu dhidi ya binadamu, naye yuko India.

Nina maswali matatu, na nitashukuru nikijibiwa na wanaojua sheria, maana siasa tumezisikia za kutosha.

Kwanza, mtu wa namna hiyo akishuka Moi International au kwenye gati hapa Kilindini, je, Kenya inalazimika kumkamata na kumpeleka akanyongwe? Pili, tukikataa kumpeleka, tunaweza kumshtaki wenyewe, na adhabu yetu ni ipi? Tatu, Nuremberg waliwanyonga wakubwa wa Wanazi, sasa imekuwaje mahakama ya The Hague haimnyongi mtu hata akiwa ameteketeza wilaya nzima?

Wakili wa Pwani

Wa aleikum salaam ndugu yangu. Nitajibu mawili ya mwanzo, la tatu nawaachia wa mambo ya nje.

Hukumu ya Kinshasa haina nguvu yoyote Mombasa kwa yenyewe. Askari wa uwanja wa ndege hawezi kumshika mtu kwa sababu gazeti limesema amehukumiwa. Lazima nchi inayomtaka ilete ombi rasmi kupitia wizara ya mambo ya nje, pamoja na hati ya kukamatwa, nakala ya hukumu iliyothibitishwa, maelezo ya makosa na ushahidi. Ombi hupelekwa mbele ya hakimu, na mtu anaruhusiwa kuweka wakili na kupinga. Akishindwa kwa hakimu, bado ana Mahakama Kuu.

Kenya ina sheria mbili za jambo hili. Sura ya 77 inahusu nchi za Jumuiya ya Madola. Sura ya 76 inahusu nchi jirani zinazopakana nasi na nchi nyingine za kigeni. Kongo haimo katika Jumuiya ya Madola wala haipakani nasi, kwa hiyo njia yake ni ya nchi za kigeni, ambayo hutaka kuwe na makubaliano baina ya serikali mbili. Pale ndipo maombi mengi hukwama hata kabla ya kufika kwenye suala la kitanzi.

Tuseme makubaliano yapo. Hakimu ataangalia kama kosa ni kosa pia kwa sheria ya Kenya. Ataangalia kama ni kosa la kisiasa, na hapa uhaini na uhalifu wa kivita havilingani: uhaini ndio mfano wa kosa la kisiasa tangu zamani, lakini kuua raia vitani si siasa. Mwendesha mashtaka anayejumuisha yote mawili katika ombi moja anampa wakili wa upande wa pili zawadi. Halafu kuna suala la kuhukumiwa bila kuwepo. Swali litakaloulizwa ni kama akifika atasikilizwa upya au atapelekwa moja kwa moja seli ya waliohukumiwa kifo.

Sasa kifo chenyewe. Watu wengi hudhani Kenya haiwezi kumtoa mtu akanyongwe. Sheria zetu hazisemi hivyo, kwa sababu adhabu ya kifo bado imo katika vitabu vyetu. Ibara ya 26 ya katiba inalinda uhai, lakini inaacha mlango kwa pale sheria iliyoandikwa inaporuhusu. Hatujamnyonga mtu tangu 1987, na marais wamebadili hukumu za wengi kuwa kifungo cha maisha, zaidi ya 4,000 mwaka 2009 na 2,747 mwaka 2016. Hata hivyo, kutonyonga kwa mazoea hakumpi mtu haki ya kudai mahakamani. Wakili mzuri atategemea zaidi hukumu ya Mahakama ya Katiba ya Afrika Kusini ya mwaka 2001 kuhusu Khalfan Khamis Mohamed, Mtanzania aliyekabidhiwa kwa Wamarekani kwa shambulio la ubalozi wa Dar es Salaam la 1998. Mahakama ilisema serikali ilivunja katiba kwa kumtoa bila kwanza kupata hakikisho kwamba hatauawa. Ilikuwa mtu ameshapelekwa New York. Baraza la wazee wa mahakama (jury) huko halikukubaliana juu ya kumuua, akapewa kifungo cha maisha. Hukumu ile haitufungi sisi, lakini mahakimu wetu huisoma.

Swali la pili jibu lake ni ndiyo, na ni muhimu kuliko watu wanavyofikiri. Sheria ya Uhalifu wa Kimataifa ya 2008, iliyoanza kutumika 1 Januari 2009, inaipa Mahakama Kuu uwezo wa kumshtaki mtu yeyote kwa mauaji ya kimbari, uhalifu dhidi ya binadamu na uhalifu wa kivita, hata kama alitendea mbali na si Mkenya, ilimradi ameonekana ndani ya Kenya. Adhabu yake: kama msingi wa kosa ni kuua kwa makusudi, ataadhibiwa kama muuaji. Nalo kosa la kuua kwa kukusudia, kwa kifungu cha 204 cha kanuni ya adhabu, ni kifo. Tangu kesi ya Muruatetu ya 14 Desemba 2017 jaji halazimiki tena kutoa hukumu hiyo, ila anaweza. Makosa mengine yasiyo ya kuua mwisho wake ni maisha gerezani.

Kwa hiyo msidhani kwamba kumshtaki Mombasa ni njia ya kukwepa suala la kitanzi. Unalihamishia nyumbani kwako.

Binti Mkanyageni

Ahsante wakili, umeweka msingi. Nichukue la tatu.

Nuremberg waliweza kunyonga kwa sababu mataifa manne yaliyoketi pale, Marekani, Uingereza, Ufaransa na Sovieti, yote wakati huo yalikuwa yakinyonga au kupiga risasi raia wao kwa mujibu wa sheria. Hakukuwa na la kubishania. Washtakiwa 12 walihukumiwa kifo, mmoja wao akiwa hayupo. 10 wakanyongwa tarehe 16 Oktoba 1946, Göring, mmoja wa hao 12, akijiua usiku wa kuamkia siku ile. Tokyo walinyongwa wakubwa 7 wa Japani mnamo 23 Desemba 1948. Miaka 50 baadaye ramani ilikuwa imebadilika. Ulaya yote ya magharibi ilikuwa imeachana na kitanzi, na ndiyo iliyokuwa ikilipa, ikitoa majaji, ikitoa magereza. Baraza la Usalama lilipounda mahakama ya Yugoslavia 1993 na ya Rwanda 1994 halikuweka kifo, na ripoti ya Katibu Mkuu Kofi Annan ya 2004 ikasema wazi kwamba UN isianzishe wala isishiriki moja kwa moja katika mahakama yenye adhabu ya kifo. Ndiyo maana mwaka huo huo UN ilikataa kuwafunza majaji wa Iraki waliokuwa wakijiandaa kumshtaki Saddam.

Roma 1998, ulipoandikwa mkataba wa kuunda mahakama ya The Hague (ICC), halikuwa jambo jepesi. Nchi za Kiarabu na baadhi ya za Karibiani, Trinidad na Tobago ikiwa mbele, zilitaka kifo kiingie. Mapatano yaliyopatikana yako katika ibara mbili ambazo kila anayejadili jambo hili azisome pamoja. Ibara ya 77 inaipa ICC kifungo kisichozidi miaka 30, au maisha kwa uzito wa pekee. Ibara ya 80 inasema adhabu za ICC haziathiri adhabu za sheria za nchi. Maana yake Mkataba wa Roma haukatazi nchi mwanachama kumnyonga mhalifu wa kivita katika mahakama yake.

Na ICC haiingilii kwa sababu hiyo peke yake. Tazama Libya. Mwaka 2013 majaji wa The Hague walikubali kwamba Abdullah al-Senussi, mkuu wa ujasusi wa Gaddafi, ashtakiwe Tripoli, wakijua kabisa kwamba huko kuna kifo. Rufaa ikathibitisha 2014. Tarehe 28 Julai 2015 akahukumiwa kifo. Kinachopimwa ni kama nchi ina nia na uwezo wa kuendesha kesi. Ukali wa adhabu haumo katika kipimo.

Lakini kesi iliyo karibu zaidi nasi, na inayofundisha kuliko zote, ni ya Rwanda, maana mahakama yake ilikuwa hapo Arusha. Tarehe 8 Novemba 1994 Rwanda ilikuwa mjumbe wa Baraza la Usalama, nayo ndiyo pekee iliyopiga kura ya kupinga azimio 955 lililounda mahakama iliyoiomba yenyewe. Miongoni mwa sababu zake ilikuwa hii: wapangaji wa mauaji watakwenda kwenye mahakama hiyo wapewe kifungo, na waliotumwa na panga watabaki Kigali wanyongwe. Ilikuwa hoja ya haki kabisa. Na ndivyo ilivyotokea. Jean Kambanda, aliyekuwa waziri mkuu, alipewa maisha Arusha mwaka 1998. Mwaka huo huo, 24 Aprili, watu 22 walipigwa risasi hadharani Rwanda.

Kisha hesabu ikageuka. Arusha ilitaka kufunga na kuhamishia kesi zilizobaki Kigali, na nchi za Ulaya zilikuwa na watuhumiwa wasioweza kuwarudisha. Kizuizi cha kwanza kilikuwa kitanzi. Rwanda ikakifuta Julai 2007, nchi ambayo watu wake walikuwa na sababu kuliko wote duniani ya kukibakiza. Hata hivyo mwaka 2008 majaji wa Arusha walikataa kumhamisha Yussuf Munyakazi. Moja ya sababu: sheria ilikuwa imeweka kifungo cha maisha cha upweke mahali pa kifo, bila ulinzi wa kutosha kwa mfungwa. Ikabidi sheria irekebishwe tena mwishoni mwa 2008, kesi za uhamisho zikawekewa maisha ya kawaida. Jean Uwinkindi ndiye wa kwanza kuhamishwa, 19 Aprili 2012. Tangu kufuta kifo hadi mtu wa kwanza kushuka Kigali ni karibu miaka mitano.

Maalim Juma

Binti yangu, nimekusoma kwa makini, na bado nina neno. Mnazungumza kana kwamba mwenye haki ni serikali na serikali. Katika mafunzo yetu kisasi ni haki ya walioachwa na marehemu. Wao ndio wenye kudai, wao ndio wenye kusamehe au kuchukua fidia. Diplomasia imekuja ikawapokonya yote mawili. Mama aliyezikiwa watoto wanne Kivu anaambiwa muuaji atakula milo mitatu na kuangaliwa na daktari, kwa sababu nchi ya mbali haikubaliani na kitanzi. Nani alimuuliza?

Na hiyo Ulaya inayotuwekea masharti ilinyonga wake kwanza, Nuremberg, ndipo ikaja kufuta. Israeli nayo ilimnyonga Eichmann, ofisa wa Wanazi, 1962 na hakuna aliyeivunjia ubalozi. Sioni kwa nini mhalifu wa Kiafrika awe wa kwanza kuhurumiwa.

Binti Mkanyageni

Maalim, shikamoo. Hoja ya walioachwa ni nzito, nami naichukua kama ulivyoiweka: wao ndio wenye haki. Basi tuwaangalie walioachwa wa Anfal.

Saddam alihukumiwa 5 Novemba 2006 kwa mauaji ya watu 148 wa Dujail. Wakati huo kesi ya pili, ya kampeni ya Anfal ya 1988 iliyoua makumi ya maelfu ya Wakurdi, ilikuwa imeanza tangu Agosti na mashahidi walikuwa wakiendelea kutoa ushahidi mbele yake. Alinyongwa 30 Desemba. Januari mashtaka ya Anfal dhidi yake yakafutwa, maana huwezi kumhukumu maiti. Binamu yake Ali Hassan al-Majid na wengine wakaendelea kushtakiwa, lakini aliyetoa amri kuu hakuwahi kuambiwa na mahakama kwamba ana hatia ya Anfal. Hakuna aliyewauliza wajane wa Kikurdi wa Halabja na Garmian kama wanataka asamehewe, auawe, au kwanza ajibu. Kitanzi cha haraka kiliwanyima haki hiyo hiyo unayoitetea. Uhalifu wa kivita una ngazi nyingi, na mkubwa akiuawa katika kesi ya kwanza, siri za kesi tisa zinazofuata zinakwenda naye.

Pia mkubwa anayeogopa kitanzi hupata wa kumhifadhi. Mei 1991 utawala wa Mengistu ulipoanguka, maofisa wa Derg, yaani utawala wake wa kijeshi, walikimbilia ubalozi wa Italia Addis Ababa. Italia ilikataa kuwatoa kwa sababu Ethiopia ina adhabu ya kifo. Wawili kati yao, Berhanu Bayeh na Addis Tedla, waliishi humo hadi Desemba 2020, mahakama ilipowapa msamaha wa masharti. Miaka 29 ndani ya ua wa ubalozi! Mengistu mwenyewe amehukumiwa kifo na yuko Zimbabwe. Familia za waliouawa katika Ugaidi Mwekundu, kama Waethiopia wanavyouita msako ule wa umwagaji damu, hazikupata kisasi wala fidia.

Kuhusu Eichmann, hakuombwa kwa njia ya ubalozi, alitekwa Argentina. Argentina ililalamika na Baraza la Usalama likatoa azimio 138 la Juni 1960. Njia ile si ya kuiga.

Wakili wa Pwani

Niongeze kitu ambacho hakionekani na wengi: ushahidi.

Hata ukimpata mtu, kesi ya kivita huishi kwa picha, simu zilizonaswa, nyaraka na mashahidi waliokimbilia ughaibuni, na vingi viko mikononi mwa Wazungu. Katika kesi ya Elgizouli ya 25 Machi 2020, Mahakama ya Juu ya Uingereza ilisema ilikuwa kinyume cha sheria kuwapa Wamarekani taarifa za El Shafee Elsheikh, aliyeshtakiwa kwa utekaji na mauaji Syria, bila hakikisho la kutouawa. Kesi ikasimama. Agosti 2020 Mwanasheria Mkuu wa Marekani aliandika barua kwamba hawataomba kifo, ndipo ushahidi ukatolewa. Elsheikh akapewa kifungo cha maisha 2022. Ikiwa Marekani ililazimika kuandika barua, Kenya haitaponea. Tukimshtaki mtu hapa kwa Sheria ya 2008, Ujerumani au Ubelgiji watauliza kifungu cha 204 kabla ya kutuma karatasi moja.

Mwana wa Kibokoni

Nimeelimika, ahsanteni nyote. Naona kila njia inaishia kwenye hilo hakikisho. Linaandikwaje, na nani huliweka sahihi? Mbona wengine husema ni karatasi tupu?

Binti Mkanyageni

Kuna mahakikisho ya kweli na ya tupu, na tofauti iko katika maneno.

Udhaifu wa kwanza ni kitenzi. "Hatutaomba adhabu ya kifo" inamfunga mwendesha mashtaka tu. Katika baadhi ya nchi jaji anaweza kuitoa bila kuombwa. Barua timamu husema mambo matatu: haitaombwa, ikitolewa haitatekelezwa, na itabadilishwa kuwa kifungo. La pili ni aliyeweka sahihi. Balozi anasemea serikali, hawezi kuifunga mahakama. Ikiwa mwenye mamlaka ya kubadili hukumu ni rais, barua itoke kwa rais au kwa waziri mwenye idhini yake ya maandishi. La tatu ni mashtaka ya ziada: umempeleka mtu kwa utekaji, akifika anaongezewa mauaji. Iandikwe kwamba hatashtakiwa kwa kosa jingine la kabla ya kukabidhiwa bila ruhusa ya nchi iliyomtoa. La nne ni kile kilichowakwamisha Rwanda, adhabu mbadala. Uliza kitanzi kinabadilishwa na nini.

Na hakikisho liombwe kabla ya mtu kutoka mkononi. Waingereza waliwakabidhi Iraki watu wawili, Al-Saadoon na Mufdhi, 31 Desemba 2008, waliotuhumiwa kuua askari wawili wa Kiingereza waliotekwa, kosa la kivita. Machi 2010 mahakama ya haki za binadamu ya Ulaya, iliyoko Strasbourg, ikasema Uingereza ilikosea: haikupata hakikisho lenye kuwabana Wairaki kisheria, na hofu ya kunyongwa ilikuwa mateso tosha. Ukishamkabidhi huna tena cha kujadiliana nacho.

Wakili wa Pwani

Na kama anayeshikiliwa ni mateka wa kivita, kuna muda maalum. Mkataba wa tatu wa Geneva, ibara ya 101, unataka hukumu ya kifo isitekelezwe kabla ya kupita angalau miezi 6 tangu nchi inayolinda maslahi ya mateka ipate taarifa kamili. Miezi hiyo imewekwa makusudi ili mabalozi wafanye kazi. Juni 2022 mahakama ya waasi wa Donetsk iliwahukumu kifo Waingereza wawili na Mmoroko waliopigana upande wa Ukraini. Septemba 21 waliachiwa katika ubadilishanaji uliosimamiwa na Saudia.

Mfano wa hapa kwetu ni makubaliano ya Machi 2009 kati ya Kenya na Umoja wa Ulaya kuhusu maharamia wa Kisomali waliokuwa wakishushwa Kilindini. Uharamia kwa sheria yetu mwisho wake ni maisha, si kifo. Pamoja na hayo Wazungu waliandikisha kwamba hakuna aliyekabidhiwa atakayepata adhabu ya kifo, na ikitolewa Kenya itachukua hatua ibadilishwe. Haikuwa tahadhari ya bure. Wizi wa kutumia nguvu, kifungu cha 296, ni kifo, na kuvamia meli kwa bunduki ni rahisi kuandikwa hivyo kwenye karatasi ya mashtaka. Kwa sharti hilo manowari zilileta watuhumiwa, chumba maalum cha mahakama kikajengwa Shimo la Tewa na kufunguliwa Juni 2010. Kenya ilijitoa mwaka huo huo kwa sababu ya mzigo wa kesi, si kwa sababu ya sharti.

Anayetaka kuandika ombi au hakikisho aanzie na maandishi yale. Yalipita kwenye wizara zetu na yakafanya kazi. Marekebisho ninayoyaona ya lazima ni mawili: taja mtu kwa jina na namba ya kesi badala ya kusema "waliokabidhiwa", na taja kifungu cha sheria ambacho mamlaka ya kubadili hukumu yanatokana nacho. Kwa Kenya ni ibara ya 133 ya katiba, huruma ya rais, ambayo hupitia kamati ya ushauri. Kamati hiyo isipotajwa katika barua, wakili wa upande wa pili atasimama na kusema aliyeahidi hakuwa na uwezo wa kuahidi peke yake, na atakuwa na hoja.